Kozi za kutajirika mtandaoni: kwa nini nyingi ni takataka

Malalamiko ni yale yale kila mara. Mtu kanunua kozi ya kufanya biashara mtandaoni, au kitabu-pepe chenye "siri" za kupata wateja kwa barua pepe, au programu inayodaiwa kuandika matangazo yenyewe. Kalipa, kafungua, kakuta kurasa thelathini na kitu zenye herufi kubwa na picha nyingi, ushauri wa aina ya "tafuta soko lenye uhitaji" na "jenga uaminifu kwa wateja wako", na mwishoni kabisa kiungo cha kununua kozi nyingine iliyo kamili zaidi. Anafura kwa hasira, anasema katapeliwa.

Mara nyingi kisheria hajatapeliwa, na hapo ndipo suala linapokuwa gumu. Utapeli ni kulipa usipewe kitu, au ukapewa kisichokuwa ulichoahidiwa. Huyu aliahidiwa kitabu na kitabu kapewa. Kina sura, kina jina la mwandishi, hata jalada linang'aa. Tatizo ni kwamba hakina kitu ndani. Sheria inaweza kumbana mwongo, lakini muuzaji wa kitu cha hovyo aliyepima maneno yake vizuri hupita katikati ya vidole vyake.

Swali linalonisumbua mimi ni hili: inakuwaje soko zima, lenye wauzaji maelfu wanaoshindana, liendelee kutoa vitu vya hovyo kwa zaidi ya miaka ishirini huku wanunuzi wakipiga kelele waziwazi? Kwa kawaida ushindani hunoa bidhaa. Hapa umenoa kila kitu isipokuwa bidhaa yenyewe. Jibu langu ni kwamba katika mnyororo mzima wa biashara hii, hakuna hata mmoja anayelipwa kwa sababu kozi ni nzuri.

Tuanze na namna bidhaa inavyozaliwa. Ukiona jina la mtu kwenye jalada unadhani alikaa akaandika. Huenda hakuandika hata aya. Kuna biashara kubwa nyuma ya pazia ya kuuza maandishi pamoja na haki ya kuyaita yako: mtu mmoja anatengeneza kitabu kifupi kuhusu, tuseme, matangazo ya barua pepe, kisha anakiuza na ruhusa ya kubadilisha jalada, kuweka jina lako na kukiuza upya kwa bei unayotaka. Wakinunua watu mia, wanazaliwa waandishi mia wa kitabu kimoja.

Kumnasa mwandishi wa namna hii si kazi ngumu. Chukua sentensi moja ndefu kutoka katikati ya kitabu, si ya mwanzo, maana utangulizi ndiyo sehemu pekee ambayo wengine hujisumbua kuibadilisha. Iweke ndani ya alama za nukuu na uitafute kwenye Google. Kama ni ya kununuliwa, itaibuka neno kwa neno kwenye kurasa za watu wasiojuana, kila mmoja akiapa kwamba ni matunda ya uzoefu wake. Fungua na taarifa za faili yenyewe: wakati mwingine jina la aliyeitengeneza bado limo, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kulifuta. Mifano nayo husaliti umri. Kitabu kinachouzwa leo kama "toleo jipya" kinakushauri ufungue ukurasa wa biashara kwenye Google+, mtandao uliofungiwa watumiaji wa kawaida mwaka 2019.

Akili mnemba imefanya kazi hii iwe rahisi zaidi, maana siku hizi hata yale maandishi ya kununua hayahitajiki. Mwezi Septemba 2023 Amazon ililazimika kuweka kikomo kwa wanaojichapishia vitabu kwenye jukwaa lake la Kindle: vitabu vitatu kwa siku kwa mtu mmoja. Isome tena. Vitatu kwa siku, na hicho ndicho kizuizi.

Lakini urahisi wa kutengeneza hauelezi kila kitu. Kuandika ujinga kumekuwa rahisi tangu zamani. Kinachoeleza zaidi ni njia inayopita pesa.

Soko maarufu la bidhaa hizi, ClickBank, lilianzishwa Marekani mwaka 1998, na utaratibu wake ukaigwa na wengi. Mwenye bidhaa anaiweka sokoni. Yeyote anayetaka anakuwa wakala: anapewa kiungo chake maalumu, anakisambaza, na mtu akinunua kupitia kiungo hicho mfumo unagawa pesa wenyewe. Mpaka hapo hakuna ubaya, hata maduka makubwa hufanya hivyo. Tofauti ipo kwenye kiwango. Duka la kawaida humpa wakala asilimia chache. Kwenye soko la kozi, nusu ya bei ni jambo la kawaida, asilimia 75 haimshangazi mtu, na kwa vile vitu vidogo vya bei ya chini wapo wanaompa wakala asilimia 100, yaani mauzo yote.

Nani anafanya biashara ya kugawa mauzo yake yote? Anayejua kwamba pesa yenyewe iko mbele. Nakala ya faili haimgharimu kitu kuizidisha. Anachokinunua kwa kamisheni ile ni anwani ya barua pepe ya mtu ambaye tayari kathibitisha kuwa yuko tayari kutoa kadi. Mtu huyo akishalipa dola 7, kabla hajapewa alichonunua, unafunguka ukurasa mwingine: "Subiri! Oda yako haijakamilika." Kuna toleo la juu la dola 47. Akikataa, kuna lingine la bei nafuu kidogo. Akikubali, kuna la dola 197, kisha uanachama wa kila mwezi. Kitufe cha kukataa nacho kimeandikwa kwa makusudi ya kumsuta: "Hapana, nimeridhika na kipato changu kidogo."

Sasa angalia maana yake kwa bidhaa ya kwanza. Haitakiwi ikutosheleze. Ikikutosheleza hutanunua ya pili, na ya kwanza haina faida. Ndiyo maana kozi nyingi za aina hii zinakueleza nini cha kufanya na kwa nini ukifanye, halafu zinanyamaza pale unapofika kwenye namna ya kukifanya. Mnunuzi anadhani mwandishi alikuwa mvivu au hajui. Pengine hajui kweli. Lakini hata anayejua anakatia papo hapo, kwa sababu somo limepimwa likatike hapo.

Kuna jambo jingine ambalo mnunuzi halioni kwa sababu halikuandaliwa kwa macho yake. Kabla ya uzinduzi, muuzaji hutengeneza ukurasa maalumu wa mawakala. Ukiusoma utaelewa biashara hii kuliko kozi yoyote itakavyokueleza. Umeorodhesha kamisheni za kila hatua, zawadi kwa wakala atakayeuza zaidi, barua pepe zilizokwisha kuandikwa ambazo wakala ananakili tu na kubandika, na takwimu za wastani wa pesa zinazoingia kwa kila mtu anayebofya kiungo. Kuhusu yaliyomo kwenye kozi kuna mistari michache, na wakati mwingine hata hiyo haipo. Wakala hana haja nayo. Swali lake ni moja: nikikuletea watu elfu, wangapi watalipa? Na jibu la swali hilo linatoka kwenye ukurasa wa mauzo. Kwa hiyo huko ndiko kunakopelekwa mwandishi mahiri, bajeti na wiki za kujaribu vichwa vya habari. Mteja halisi wa mtengenezaji ni wakala. Anayesoma kozi ni mtu wa baadaye sana.

Ndipo unapata ile asubuhi ya ajabu ambayo yeyote aliyejiandikisha kwenye orodha kadhaa za hawa "wataalamu" anaijua: barua pepe tano kutoka kwa watu watano, zote zikisifia bidhaa moja kwa maneno yanayofanana hadi kwenye mkato. Hawa hawajaitumia. Wanalipana deni. Leo natangaza yako, mwezi ujao unatangaza yangu, na anayekataa kutangaza atakosa wa kumtangazia siku yake ikifika. "Tathmini" zinazochapishwa kabla bidhaa haijaanza kuuzwa nazo zinatoka kwenye chungu hicho hicho, na nyingi humalizia na ahadi ya bonasi ukinunua kupitia kiungo cha mwandishi. Binafsi, nikiona kozi inahitaji bonasi kumi ili inunulike, najiuliza kozi yenyewe ina nini.

Wenye mamlaka hawakulala usingizi kabisa. Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilirekebisha miongozo yake ya matangazo ya ushuhuda mwaka 2009. Anayesifia bidhaa huku analipwa alitakiwa aseme wazi, na ule ujanja wa kuonyesha mtu mmoja aliyefanikiwa kupita kiasi, kisha kuandika chini kwa herufi za sisimizi kwamba "matokeo haya si ya kawaida", ukaacha kuwa kinga. Mwaka 2024 ikaja kanuni nyingine iliyopiga marufuku maoni na shuhuda za kughushi. Zimesaidia kiasi. Lakini kanuni ya kukataza uongo haimlazimishi mtu kuandika kozi nzuri.

Hata tukiondoa mawakala na ujanja wote, bado kuna ugumu uliomo kwenye kitu chenyewe kinachouzwa. Kinachouzwa ni maarifa. Mwaka 1962 mchumi Kenneth Arrow alionyesha mkwamo wake: mnunuzi hawezi kujua thamani ya taarifa mpaka aipate, na akishaipata hana tena sababu ya kuilipia. Muuzaji kwa hiyo analazimika kukificha anachokiuza. Hapo ndipo lugha ya "siri" inapopata nafasi. Anasimulia matokeo, nyumba na safari na uhuru wa kufanya kazi popote, bila kugusa njia. Mkweli na mwongo wote wanalazimika kuficha, na ukiwatazama kwa nje wamevaa nguo moja.

Miaka minane baadaye, mwaka 1970, George Akerlof alieleza kinachofuata, akitumia mfano wa magari yaliyokwisha kutumika. Muuzaji anajua hali ya gari, mnunuzi hajui. Kwa kuogopa kuuziwa bovu, mnunuzi anatoa bei ya katikati. Mwenye gari zima anaona bei hiyo inamdhulumu, analiondoa sokoni. Wenye mabovu wanabaki kwa furaha. Wanunuzi wakigundua, bei inashuka tena, na walio na afadhali nao wanaondoka. Kwa kazi hiyo na zilizofuata Akerlof alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2001 pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Alichoonyesha Akerlof ni kwamba kibaya kikijitembeza vya kutosha, chema huondoka sokoni kikaenda zake. Na kweli, watu wanaojua masoko ya mtandaoni kwa undani huwakuti kwenye uzinduzi wa dola 7. Wanafanya kazi na kampuni, wanatoza kwa saa, na wateja wao wanakuja kwa kuelekezana.

Ila kozi ina ubaya uliozidi wa gari. Gari bovu litakuzimikia njiani na utajua ni bovu. Kozi ikishindwa, utajuaje kama imeshindwa kozi au umeshindwa wewe? Wachumi Michael Darby na Edi Karni waliandika mwaka 1973 kuhusu bidhaa ambazo mnunuzi hawezi kuzipima vizuri hata baada ya kuzitumia. Wao walifikiria zaidi mambo ya ufundi na matengenezo, lakini maelezo yao yanaikaa kozi ya mtandaoni kama ilishonewa. Muuzaji ana jibu lake tayari: "Mbinu inafanya kazi, hukuitekeleza." Na ubaya wa jibu hilo ni kwamba mara nyingi lina ukweli ndani yake, kwa sababu watu wengi huanza kozi wasiimalize. Kwa hiyo mnunuzi anajilaumu. Anaona kilichomkosa ni nidhamu, au kozi inayoeleza vizuri zaidi, na anaitafuta. Hasira ambayo ingemchafulia muuzaji jina inageuka kuwa oda inayofuata. Katika biashara hii yote, hili ndilo ninaloliona la ukatili kuliko yote.

Yapo pia ya kuharibika kwa wakati. Hadi mwaka 2010 hivi ziliuzwa sana programu za kusokota makala: unaweka makala moja, programu inabadilisha maneno kwa visawe, inakutolea mamia ya makala "mpya" za kujaza tovuti na kuvuta wasomaji kutoka Google. Februari 2011 Google ikatoa mabadiliko yaliyoitwa Panda, yaliyozishusha tovuti zenye maandishi mepesi. Aprili 2012 ikafuata Penguin, iliyowalenga waliojipandisha kwa viungo vya kununua na kughushi. Kozi na programu zilizofundisha mbinu hizo hazikupoteza thamani tu, ziligeuka sumu kwa tovuti ya aliyezifuata. Wapo walioendelea kuziuza.

Na hata pasipo mabadiliko ya ghafla, mbinu za mkato hufanya kazi kwa sababu wanaozijua ni wachache. Mwenye njia inayomwingizia pesa leo hana sababu ya kuifichua kwa dola 27. Anaifichua pale ambapo kuifundisha kunalipa kuliko kuitumia, yaani ikishaanza kuchoka. Ujuzi usiochoka upo: kuandika tangazo linaloeleweka, kumsikiliza mteja, kusoma hesabu za biashara yako. Huo unachukua muda mrefu kuushika, na ukurasa wa mauzo unaosema "baada ya mwaka mmoja na nusu utaanza kuelewa" haumuuzii mtu.

Kuhusu dhamana ya kurudishiwa pesa, maarufu ni ile ya siku 60, watu huichukulia kama ushahidi wa ubora. Siyo. Muuzaji anajua kwamba kwa dola 7 wachache watajisumbua kudai, kwamba wengine wataona aibu, na kwamba wengi watafungua kozi siku 60 zikiwa zimepita. Wanaodai wanahesabiwa kama gharama za kawaida. Kwenye bidhaa za bei ya juu huongezwa sharti: uonyeshe kazi uliyofanya kwa kila somo ndipo ufikiriwe.

Saa inayohesabu kurudi nyuma kwenye ukurasa wa mauzo haihitaji maelezo marefu. Ukiona zimebaki dakika 14 na sekunde 59 kabla bei haijapanda, fungua ukurasa huo huo kwenye dirisha la faragha la kivinjari. Mara nyingi saa itaanza upya kwa ajili yako, maana ilianza kuhesabu pale ulipoingia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walikagua tovuti za ununuzi zipatazo 11,000 mwaka 2019 na kukuta mifano zaidi ya 1,800 ya miundo ya kumsukuma au kumhadaa mnunuzi, zikiwemo saa ambazo zikiisha hakuna kinachobadilika. Na hizo zilikuwa tovuti za kuuza bidhaa za kila aina. Walimu wa mtandaoni hawana hakimiliki ya mchezo huu.

Mwisho wa njia hii ulionekana vizuri mwaka 2018, FTC ilipoishtaki kampuni iitwayo MOBE. Mtu aliingia kwa dola 49, akaahidiwa mfumo wa hatua 21 wa kupata pesa mtandaoni. Akiwa katikati ya hatua alielezwa kwamba ili aendelee inabidi anunue uanachama wa juu, uliofika maelfu ya dola. Kwa mujibu wa tume, walionunua walipoteza zaidi ya dola milioni 125. Na ule mfumo wenyewe ulikuwa nini? Kuwauzia wengine uanachama ule ule kwa kamisheni. Kwa maana hiyo hapakuwa na kozi mbovu, kwa sababu hapakuwa na kozi. Palikuwa na ukurasa wa mauzo unaofundisha watu kusambaza ukurasa wa mauzo.

Vilivyo vizuri vipo, na vinatambulika kwa mambo yasiyovutia. Somo ni dogo na lina mipaka: namna ya kupanga matangazo ya duka la vitabu kwenye Facebook, siyo uhuru wa kifedha. Orodha ya vipindi inaonekana kabla ya kulipa, na tarehe ya marekebisho ya mwisho imeandikwa. Mwalimu ana kazi nyingine inayojulikana, na ukimtumia swali kabla ya kununua, anakujibu kama mtu. Kama ni programu, inakuruhusu kuijaribu. Halafu kabla ya kulipia chochote, pitia vya bure kutoka kwa wenye majukwaa: Google ina mwongozo wake wa kuanzia kuhusu kuonekana kwenye utafutaji, Meta, wenye Facebook, ina mafunzo yake ya matangazo, na HubSpot, kampuni ya programu za masoko, ina kozi nzima na vyeti. Sehemu kubwa ya yanayouzwa kama siri imo humo, tena bila chumvi.

Kama umeshanunua na umekuta uchafu, usianze na muuzaji. Tafuta kwenye risiti jina la kampuni iliyopokea malipo, kwa sababu mara nyingi si yeye. Masoko kama ClickBank yana utaratibu wao wa kurudisha pesa ambao hauhitaji ruhusa yake. Andika ombi kwa ufupi, taja namba ya oda na tarehe, usijieleze sana. Muda wa dhamana ukiwa umepita au ukizungushwa, benki iliyotoa kadi yako ina utaratibu wa kupinga malipo, nao una ukomo wa siku. Na kama kulikuwa na uanachama wa kila mwezi uliochomekwa kwenye oda, uufute kwanza kabla ya kuanza kubishana kuhusu zile dola 7.